Macho ya Mama na Kadi ya Kigoma

Kasongo, tarehe 17 Septemba 2023

Kwa Yaya Déo, kaka yangu kule Kigoma kwa watu wa umeme,

Pokea salamu za nyumba yote, kuanzia mama mpaka bata. Mudogo wetu Nadine amepanda darasa na sasa anatuangalia sisi wengine kama mbuzi. Muhogo ulikauka vizuri. Mimi niko muzuri kuliko wote: tajiri alinipa pikipiki mupya ya kubeba watu Kasongo mpaka Kabambare, na hata wakubwa wa kituo wanakubali hakuna mutu anayepita matope ya Lusangi bila kuweka muguu chini, isipokuwa Pitchou. Sikuambii kwa kujisifu. Nakuambia ujue.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu ya mama unaijua. Sauti yake haipunguki, ukimuambia neno, jirani wa tatu anajibu. Barua hii nitamupa Zuberi, yule muchuuzi wa ndagala, pale Kabambare, ashuke nayo ziwani.

Sasa jambo lenyewe. Huyo Zuberi alituletea picha yako, umeshika kadi ya bima ya kazini. Yaya, mutu anapiga picha na kadi ya ugonjwa? Wenzako wanapiga picha na pikipiki. Mama aliiweka karibu na pua, akaipapasa, akasema, "Mutoto wangu amenenepa." Alikuwa ameishika kichwa chini. Lakini akazunguka nayo kwa majirani wote: "Déo iko na kadi. Déo akiumwa kichwa tu, ng'ambo wanamupokea kama chifu." Mimi ile saa nilikuwa natua kuni nilizomuletea. Hakuna aliyenipiga picha.

Basi na mimi nikaenda parokiani, nikaingiza nyumba yetu kwenye mituweli. Unaijua: kila nyumba inachanga kisha mavuno, na mwaka ule mukiumwa, lopitali inawatibu kwa muchango wenu. Wanataka nyumba nzima, hawakubali uandikishe wagonjwa peke yao. Secrétaire, yule anayeandika majina, akauliza tuko nani na nani. Nikasema: mama, Nadine, mimi. Akasema, "Na Déo?" Nikasema Déo ni mutu wa Kigoma.

Mama iko muzuri. Anavunja vikombe kidogo tu.

Ni mimi Pitchou, dereva.


Kigoma, 14 Oktoba 2023

Mdogo wangu Pitchou,

Msalimie mama, Nadine, na bata pia. Mimi mzima. Kiwandani wamenitoa kwenye mapipa ya mawese, sasa nakata sabuni. Nguo zangu zinanukia kama bibi harusi na wenzangu wananicheka. Hongera kwa pikipiki. Vaa kofia ya chuma.

Unasema mama anavunja vikombe kidogo. Kidogo namna gani? Vinamteleza mkononi, au anaviweka mahali ambapo hakuna meza?

Nauliza kwa sababu hii. Kazini tunachagua kadi kabla ya mwaka kuisha. Kuna ya mtu peke yake, ambayo makato yake ni madogo, ndiyo niliyonayo. Kuna ya familia: mke, watoto, na mzazi au mlezi. Hiyo makato yake yanauma, lakini inalipa hata upasuaji wa macho. Nimeuliza dirishani kwa watu wa bima, nikarudi nikauliza tena kwa mtu mwingine. Kaka na dada hawamo, hilo nalo niliuliza. Mama atatakiwa aje mwenyewe, apigwe picha na kuweka vidole, na atatibiwa upande huu tu. Kadi yenyewe haivuki maji. Mimi nikija likizo kwetu, inakufia katikati ya ziwa.

Ndiyo maana nimeumia kusikia umeniacha nje ya mituweli. Nikishikwa na malaria hapo Kasongo, nitakuwa mgonjwa wa nyumba gani?

Lakini hilo liache. Nakuomba moja tu: kaa na mama, umuulize kama atakubali kuja. Umuulize yeye, usinijibu kwa niaba yake.

Kaka yako,
Déo


Kabambare, tarehe 9 Novemba 2023

Yaya Déo (yaya wa miezi tu, usivimbe),

Salamu. Mvua imeanza, daraja la miti limekaa upande kama mulevi, lakini mimi napita. Nadine anakusalimia, amesema umutumie kalamu za rangi. Barua yako niliisoma mbele ya wenzangu wa kituo, wakauliza ni nani anatangaza habari. "Makato." "Kwa niaba." Umekuwa redio kabisa.

Nilimuuliza mama. Amekataa. Amesema ziwa ni pana sana, yeye hajui kuogelea, na tena hawezi kuacha bata. Nilimubembeleza, akakataa tena. Ungekuwepo ungeona mwenyewe.

Na usifikiri huku tumekaa tu. Nilimubeba na pikipiki mpaka lopitali, kwa mituweli yangu, wakamupokea bila shida. Munganga alimumulika na tochi akasema macho yake yameingia mawingu. Alimupa dawa ya matone. Kuhusu kupasua, alisema wanaopasua macho wanatoka mbali, wanakuja siku wanakuja, na tena mituweli yetu inafunika malaria, kuzaa na mushipa, macho haiko ndani. Lakini matone yanasaidia. Juzi alinitambua nikiwa bado njiani.

Tena nikuulize, kule dirishani utamuandika kama nani? Usinijibu, najua. Utatoa ile karata ya ubatizo. Tumeicheka miaka yote, sasa unataka kuitumia.

Mama Apolline aliyekuzaa alipokufa, wewe ulikuwa mutoto wa kunyonya, na mama Victorine alikufuata hapa hapa Kabambare na mimi nikiwa mugongoni, hata kitovu hakijapona vizuri. Akakupa ziwa la kulia, lile lenye maziwa mengi, mimi nikabaki na la kushoto. Ndiyo sababu uko murefu. Hilo nilisamehe. Lakini siku ya ubatizo ulilia kama kipaza sauti, kwa hiyo mama alikubeba wewe, na mimi niliyekuwa mupole nikabebwa na koko, mama yake mama. Katekista alikuwa na watoto wengi na jua kali. Kila aliyebeba mutoto, akamuandika kuwa ndiye mama. Kwa hiyo kwa karata wewe ni mutoto wa Victorine, na mimi niliyetoka tumboni mwake ni ndugu yake. Mimi ni mujomba wako, Déo. Uliza hiyo bima kama inapokea wajomba. Na siku nyingine ukiniandikia, anza na shikamoo kama watu wa huko.

Mujomba wako,
Pitchou


Kigoma, 3 Desemba 2023

Pitchou,

Salamu kwa wote. Kalamu za Nadine nimempa Zuberi. Huku mvua nyingi, sabuni haikauki. Mimi mzima.

Shikamoo mjomba. Sasa tumemaliza michezo.

Zuberi alifika mpaka kwa mama, kumpelekea kitenge nilichomnunulia. Alimkuta anasonga ugali, mkono mmoja kwenye sufuria, mwingine unatafuta mwiko chini, na mwiko uko mbele yake. Akamwambia, "Mama, Déo anasema unaogopa maji." Mama akamjibu hivi, na Zuberi huwa hapambi maneno: "Maji gani? Lualaba pale Nyangwe niliivuka na mimba ya Pitchou, mutumbwi unaingiza maji, nikawa nayachota na sahani. Siogopi maji. Déo hajaniita, basi. Watoto wakipata, wanasahau."

Hukumuuliza. Umeniweka kwenye mdomo wake kama mtoto aliyesahau.

Unanionea wivu wa kadi. Ngoja na mimi nikuambie ninachokuonea. Wewe ukiingia mlangoni anakwambia, "Toa hayo matope, nyumba si zizi." Mimi ananiambia, "Mungu akulinde." Ni hivyo tangu tukiwa wadogo. Wewe alikuchapa, mimi alinihurumia. Ulipovunja mtungi wa maji ulilala na njaa. Nilipovunja mimi, alisema mtungi ulikuwa mbovu. Unadhani nilifurahi? Nilitamani kuchapwa.

Nimechagua kadi ya familia. Nimetia sahihi. Ukimleta, atapasuliwa. Usipomleta, nitakatwa mwaka mzima kwa jina lisilo na mtu, na mawingu hayo daktari wa huku anasema yakiachwa sana yanakuwa magumu kutoa. Pasi ya kusafiria ataipatia mjini Baraka, kabla ya kuvuka ziwa, Zuberi ameshaulizia.

Sasa kaa naye, umwambie nimemwita.

Déo


Kasongo, tarehe 29 Desemba 2023

Déo,

Salamu. Bata mumoja tulimukula Noeli. Nadine amechora nyumba yote na zile kalamu. Basi, habari zimeisha.

Zuberi iko na mudomo mukubwa kwa mutu anayeuza samaki wadogo.

Unataka kujua kwa nini sikumuuliza? Nitakuambia, si kwa kuomba samahani, ni kukueleza tu. Tangu wakati wa kiangazi mama ananiita Déo. Naingia jioni, anageuza kichwa, anasema, "Déo, ni wewe?" Mara ya kwanza nilisema, "Ni Pitchou." Akasema, "Aa," akaendelea kuchambua maharage. Siku ingine nilikuwa nimechoka, njia ilinipiga, akasema tena, "Déo, ni wewe?" Nikaitika, "Ni mimi, mama."

Yaya, ungeona ile sura. Akanipapasia kiti. Akaniuliza kama kazi inachosha, kama nalala vizuri. Mimi sijaulizwa kama nalala vizuri tangu nizaliwe. Siku tulipochinja kuku, paja lilikuja kwangu, lile ambalo kila siku anasema liwekwe, labda mugeni atafika. Kuanzia pale, karibu kila jioni mimi ni wewe. Naongea polepole. Naweka na maneno ya redio. Najua anajua uko Kigoma, nafikiri giza linamuchanganyia siku. Na nikuambie ukweli, mimi ni Déo muzuri kuliko wewe, kwa sababu mimi niko hapa.

Sasa fikiri. Huko kwenu watatoa kitambaa machoni. Mutu wa kwanza kuona ni wewe, na kadi yako, na harufu yako ya bibi harusi. Atasema, kumbe Déo sura yake ni hii. Halafu atarudi Kasongo, aone ni nani alikuwa anakula paja. Nani atamuita huyo akae?

Ningeendelea kukaa kimya, nakuambia wazi. Lakini juzi alijimwagia uji wa moto mukononi. Nilifika nikamukuta ameuficha kwenye kitenge, kile chako. Akasema, "Déo, usimuambie Pitchou. Atagomba."

Nilimufunga mukono. Kisha nikamuambia umemuita. Akauliza bata wataachiwa nani.

Nitamuleta mvua ikipunguka. Na pikipiki yangu, mimi mwenyewe, mpaka Baraka. Kuvuka sivuki. Usiniambie nije. Mimi ni mujomba, siko kwenye kadi.

Pitchou


Baraka, tarehe 11 Februari 2024

Yaya Déo,

Salamu za haraka, mashini ya mutumbwi imeshaanza kunguruma. Mama iko mbele yako, au Zuberi amemupoteza. Tulifika bila kuanguka. Kule kwenye matope ya Lusangi niliweka muguu chini. Nilikuwa nimebeba mama, sikuwa nabeba sifa.

Usikilize. Chai yake hapendi sukari nyingi, anakunywa tu kwa adabu, kwa hiyo usimujazie. Akisema hasikii baridi, anasikia. Usiku anatafuta maji ya kunywa upande wa kushoto, weka kikombe cha bati, siyo cha udongo. Kule lopitali usimuachie watu wamuongeleshe haraka haraka, atasema ndiyo kwa kila kitu. Mukono uliochomeka umepona, lakini angalia kidole kidogo.

Kuagana kulikuwa kufupi. Aliniambia, "Pitchou, endesha polepole." Kwa nini leo jina langu amelipata, sijui. Labda ni kwa sababu ya pikipiki.

Na siku ya kutoa kitambaa, kama uko mutu, usisimame mbele yake peke yako. Simama kando kidogo. Acha nafasi.

P.


Kigoma, 20 Machi 2024

Ndugu yangu Pitchou,

Mama anakusalimia wewe kabla ya watu wote, ndivyo alivyoniagiza niandike. Anamsalimia Nadine, na anauliza bata wamebaki wangapi. Nimwambie ukweli au nisubiri?

Dirishani walimpiga picha na kuchukua vidole vyake. Mama mmoja wa ofisini akasoma karata yangu ya ubatizo, akauliza, "Huyu ndiye mama mzazi?" Sikutaka kudanganya. Nikamwambia aliyenizaa alikufa, huyu ndiye aliyeninyonyesha na kunilea. Akasema mlezi anakubalika, karata inatosha. Mama yeye hakuona inatosha. Akaegemea dirisha akamwambia, "Niko nao wawili. Huyu iko kwenye karata. Mwingine iko kwenye pikipiki." Watu wa foleni wakacheka. Kadi ikatoka.

Walimpasua jicho la kulia kwanza. Kesho yake walipokuja kutoa kitambaa nilifanya ulivyosema. Nilisimama kando, karibu na mlango, nyuma ya muuguzi. Nafasi ya mtu mmoja niliiacha.

Akaangalia dirisha muda mrefu. Akamwangalia muuguzi, akamwambia ana meno mazuri. Kisha akanifikia mimi.

"Déo," akasema. "Umekonda. Ile picha ilidanganya."

Nikataka kwenda kumkumbatia, lakini alikuwa bado anatafuta. Akaangalia mlango, akaangalia ile nafasi. Akaniuliza, "Na Déo mwingine iko wapi?"

Nilifikiri dawa imemlevya. Nikamuuliza, "Déo gani, mama?"

"Yule wa Kasongo. Yule anayeongea kama redio."

Pitchou, alijua. Nikamuuliza tangu lini. Akacheka mpaka muuguzi akamkataza, jicho bado bichi. Akasema, "Mimi niliyemuzaa nisijue miguu yake? Anaingia kama mbuzi aliyekata kamba. Siku ya kwanza giza lilinidanganya kweli. Siku zingine zote, hapana. Nikimuita Pitchou, anatupa funguo, anakula amesimama, anarudi kwa wenzake. Nikimuita Déo, anakaa. Sasa ungekuwa wewe, ungemuita nani?"

Nikuambie lakini, niliumia kidogo. Kumbe jina langu ni kiti tu cha kukukalisha wewe.

Jicho la kushoto litapasuliwa baada ya Pasaka, kisha nitamrudisha Baraka mwenyewe. Jana aliniona naingia chumbani na viatu vya kiwandani. Akaniambia, "Toa hayo matope, nyumba si zizi."

Nilivitoa. Sijawahi kutoa viatu kwa furaha namna hiyo.

Kaka yako,
Déo


Kasongo, tarehe 14 Aprili 2024

Yaya Déo,

Salamu kutoka kwa Nadine na kutoka kwa bata. Usiulize hesabu yao, na muambie mama kulikuwa na ugonjwa wa bata.

Barua yako niliisomea juu ya pikipiki, katikati ya njia. Wenzangu wakanikuta nimezima mashini, wakauliza kuna nini. Niliwaambia ni plagi. Wakashuka kunisaidia kutafuta ubovu wa plagi, wakatafuta mpaka wakachoka, na mimi nikawaacha watafute.

Kwa hiyo mwanamuke yule alinichezea miezi yote na mimi nikadhani ni mimi ninamuchezea. "Usimuambie Pitchou, atagomba." Alikuwa ananiambia mimi mwenyewe nisigombe. Muulize nani amemufundisha. Na usifikiri wivu umeisha. Umetukanwa kwa sababu ya matope mara moja tu, tayari umenitumia karatasi nzima kujisifu. Mimi nimetukanwa hivyo maisha yangu yote na sijawahi kumuandikia mutu.

Nilirudi parokiani, kwa mituweli. Secrétaire aliniambia majina yanaongezwa kisha mavuno tu. Nikamuambia basi aweke alama, mavuno yakifika aandike Déo. Akaniangalia. "Si ulisema Déo ni mutu wa Kigoma?" Nikamuambia wako wawili, aandike tu, asiniulize ukoo. Kwa hiyo ukija ukishikwa na malaria, wewe ni mugonjwa wa nyumba yetu. Lakini usije ukajaribu makusudi.

Mama akiwa tayari, uniambie siku. Nitamungojea Baraka tangu asubuhi. Kofia ya chuma nimemununulia, na mimi nimenunua yangu, ufurahi. Nyumbani nimeweka kiti upande ule anapokaa akichambua maharage. Muambie aniite jina analotaka, nitakaa. Ila paja la kuku lisirudi kwa wageni.

Ni mimi,
Déo wa Kasongo